Matone ya Barabara ya Mitaboni

Jumanne, saa nne za asubuhi, Maundu alirudi kwa mara ya tatu. Halima alikuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni mwa kibanda, anachambua mchele kwenye ungo, na hakuinua kichwa, maana mngurumo ule aliujua kama mtu anavyojua kikohozi cha jirani. Ilikuwa Pijo 404, pikapu, ambayo zamani ilikuwa na rangi ya maziwa na sasa ni ya chai ya maziwa, na mlango wa kushoto umeshikizwa kwa waya. Iliingia uani polepole, ikasimama chini ya mabati, ikatoa mvuke kwenye boneti, halafu ikanyamaza.

"Imetema tena, Mama Ramzi," Maundu akasema, badala ya salamu.

Kibanda hicho kiko nyuma ya msikiti, mjini Machakos, na kwa miaka hamsini kazi yake imekuwa kuziba rejeta za magari tu. Alikianzisha Shaaban, marehemu mume wa Halima, na siku hizi anayekiendesha ni mtoto wao Ramzi. Halima mwenyewe hakusomea ufundi. Alisoma mpaka darasa la saba, akaolewa, akawa anamshikia mumewe tochi ya gesi na kumpimia risasi ya kulehemu, na huku anashika na kupima, kazi ikamwingia mikononi bila yeye kuiita. Sasa macho yake yana ukungu kidogo, na Ramzi humwekea kigoda pale mlangoni kwenye mwanga ili ajione bado yumo.

Ugonjwa wa rejeta hiyo ulikuwa hivi. Ukiitia maji gari likiwa limesimama, hapana tone. Ukiliendesha kutoka nyumbani kwa Maundu, Kyumbi, mpaka mjini, hapana tone. Lakini ukianza tu kupanda Iveti, pale barabara inapojikunja kuelekea Kathiani, sindano ya joto inalalia upande mwekundu na maji yanakwisha, usijue yametokea wapi. Ramzi alikwisha kuifungua mara mbili. Aliiziba midomo kwa vizibo vya mpira, akaijaza hewa kwa pampu ya baiskeli, akaizamisha ndani ya pipa lililokatwa nusu, akangoja povu lionyeshe tundu. Povu halikuja. Akalehemu mshono wa chini uliokuwa na ukungu wa kijani, ili tu awe amefanya kitu, akairudisha. Ikapanda, ikatema.

Safari hii Ramzi alisema dawa ni kupata nyingine, na kwamba ameulizia Nairobi akaambiwa ya aina hiyo itachukua wiki mbili. Maundu akajibu kwamba wiki mbili hana. Yeye ana Jumamosi.

Jumamosi hiyo, kila mtu pale uani alijua ni ya nini. Maundu ameishi na mkewe Mwendwa miaka arobaini na sita, na watoto watano wamewazalia wajukuu, lakini hakuwa amepeleka ntheo. Kwa Wakamba ntheo ni mbuzi watatu tu, ila ndio wanaosema kwamba mwanamke huyu sasa ni wa nyumba hii. Bila wao, hata azeeke na mumewe, kwao bado wanamhesabu kuwa msichana aliyekwenda matembezi tu. Na sasa kitinda mimba wao, Mutanu, alikuwa amepata mchumba, na upande wa mchumba ulitaka kuleta mbuzi wake. Hawangeweza kupokelewa kabla ya wale wa mama yake kupelekwa.

Wa kuwapokea alibaki mmoja, kaka yake Mwendwa, Mzee Laban wa Mitaboni. Sharti lake lilikuwa moja tangu mwanzo. Maundu alimchukua dada yake kwa pikapu ile bila kuaga. Basi alete mbuzi kwa pikapu ile ile, ipande mlima kwa nguvu zake mpaka uani kwake, isikokotwe na isisukumwe. Mara nne katika miaka hiyo Maundu alijaribu, na mara nne gari lilimwacha mlimani na mbuzi wakarudi Kyumbi. Laban alichukulia kuwa ni dharau. Na mwezi uliopita tu alikuwa ametoka hospitali, amekonda, pumzi yake fupi.

"Iacheni kwangu," Halima akasema, macho bado kwenye mchele.

Ramzi alimwangalia mama yake, akataka kusema neno juu ya macho, akalimeza.

Jumatano akamlazia rejeta mbele yake juu ya gunia, pale kwenye mwanga, akaenda zake kwenye kazi nyingine. Halima hakuishika upesi. Aliitazama tu. Katikati ya yale mapezi membamba ya shaba palikuwa pamekwama vitu vya barabara yote ya Ukambani: mabawa ya nondo, mbegu za nyasi, uzi wa katani, unyoya mmoja wa kanga wenye madoadoa. Akachukua pini ya mtandio wake, akaanza kuvitoa kimoja kimoja na kuvipanga juu ya gunia. Jua lilisogea. Adhana ya adhuhuri ikaja ikapita, akaswali, akarudi. Kila alipochomoa mbegu aliona kama anaona mahali ilipookotwa, bonde fulani, kichaka fulani, na maji yakipita ndani ya zile bomba nyembamba kama vijito vinavyoshuka Iveti wakati wa masika, vyote sambamba, vyote vina haraka, isipokuwa vichache vya katikati vilivyotulia tuli. Akawa hajui kama anafikiri au anaota. Shaaban alikuwa amekaa kando yake na pampu ya baiskeli, anapuliza, wala hasemi kitu.

Alipozinduka aliwasha tochi ya gesi, akapitisha moto kwenye mshono wa chini ili lile tangi dogo libanduke. Risasi ikayeyuka, ikang'aa, ikadondoka. Na hapo ikaja harufu ya mchuzi.

Akadhani ni jirani anapika. Akazima moto, harufu ikaondoka. Akawasha, ikarudi, nzito, ya jikoni kabisa, ya siku ya wageni. Halima akatabasamu peke yake, akajisemea kwamba mzee akianza kunusa vyakula kwenye vyuma basi safari imekaribia. Tangi likabanduka. Ndani palikuwa na tope, limejaa midomoni mwa bomba kama ugali ulioshika chini ya sufuria. Rangi yake ilikuwa kahawia, lakini alipolikwangua kwa kucha, chini yake pakatoka njano.

Kutu nayo ina njano yake, kwa hiyo akaijaribu. Alichemsha maji, akatia magadi ya kulainisha maharage, akayamimina humo ndani ili tope lilegee, akakinga kwa beseni jeupe.

Maji yaliyotoka yalikuwa mekundu kama hina.

Halima akaketi. Kwao wanawake walikuwa wapishi, watu wa asili ya Mombasa waliofuata biashara huku bara, na hakuna mwanamke wa kwao asiyejua jambo hilo. Doa la bizari ya manjano kwenye kanzu nyeupe, ukiligusa kwa sabuni au magadi, linageuka jekundu hapo hapo. Kutu haifanyi hivyo. Mtu alikuwa anatia manjano kwenye rejeta ya Maundu, na si mara moja, ni miaka.

Alhamisi wakaja wote wawili, Maundu na Mwendwa. Maundu alikuwa na shughuli ya mbuzi sokoni, akaenda. Mwendwa akabaki, mwanamke mfupi, mpole, miguu imemvimba, kiondo mapajani. Halima akampa chai, akamuuliza juu ya miguu, juu ya Mutanu, juu ya mvua ya Kyumbi. Kisha akalisogeza lile beseni kwa ncha ya kiatu.

Mwendwa akatazama wekundu ule kwa muda. Halafu akafunika mdomo kwa mkono kama msichana.

"Si ni wewe ulinifunza," akasema.

Na hapo ndipo alasiri moja ya zamani ilipomrudia Halima nzima, kama nguo iliyotolewa sandukuni na mikunjo yake. Alikuwa bibi harusi wa miezi mitatu. Shaaban amekwenda Kinanie kumfungulia mtu trekta. Ikaingia pikapu rangi ya maziwa, imesimama na kutapika maji njia nzima tangu alfajiri, na ndani kijana na msichana mwenye gauni la njano, wote wawili wanatazama nyuma walikotoka. Halima alikuwa hajajua kulehemu. Alijua jambo moja tu, aliloliona kwa baba yake aliyekuwa dereva wa lori: vijiko viwili vya manjano kwenye rejeta, na tundu linajishika mpaka ufike. Akaingia jikoni, akatoka na kopo. Akawaambia, itawafikisha. Ikawafikisha kweli.

"Ulijua nilikuwa naogopa nini?" Mwendwa akauliza. "Tulikuwa tunaacha matone. Kutoka kwetu mpaka hapa, kwa vumbi, tone, tone, tone. Ukatia manjano, matone yakaisha. Nikajua Laban hawezi kutupata tena."

Tangu siku hiyo, akaeleza, hakuacha. Kila wiki, Maundu akienda kunyoa ndevu, yeye hufungua kifuniko na kutia kijiko. Mwanzo alikuwa anamwogopa kaka yake, baadaye ikawa ni mazoea, na baadaye zaidi ikawa ni kwa ajili ya mume, kwa sababu Maundu hujisifu kwa watu kwamba rejeta yake ni ile ile ya kiwandani na haivuji, naye hakutaka kumwona amevunjika moyo.

Halima alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamweleza, polepole, ambacho yeye mwenyewe alikuwa amekielewa usiku kitandani. Manjano huziba tundu, lakini hayachagui. Yalikuwa yameziba na njia za maji. Gari likiwa tambarare, njia zilizobaki zinatosha. Likipanda, joto linazidi, maji yanasukuma, kile kibandiko kinang'oka na maji yote yanakwenda. Kila mara Ramzi alipoipoza rejeta na kuizamisha, tope lilikuwa limekwisha kuganda tena, na povu halikuonekana.

Mwendwa akahesabu kwa vidole. Akanyoosha vinne.

"Zile mara nne za mbuzi," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Kwa hiyo ni mimi nilijizuia kuolewa."

"Ni mimi," Halima akasema. "Nilikwambia itawafikisha. Sikukwambia mkifika muioshe."

Wakanywa chai iliyobaki bila kuangaliana. Halima hakumwambia lile jingine, kwamba saa moja baada ya pikapu kuondoka siku ile, alikuja kijana mrefu kwa miguu, vumbi mpaka magotini, anatazama chini, anafuata kitu ardhini. Alisimama pale matone yalipokoma, chini ya mabati haya haya, akamuuliza kama ameona gari. Halima akasema hakuona. Akampa kikombe cha maji, akanywa, akamshukuru, akarudi njia aliyojia. Miaka yote hii, Maundu akileta gari, Halima huliona lile koo likinywa.

Usafishaji ulichukua Alhamisi yote. Magadi, kisha maji moto, kisha maji ya ndimu kutoa ule ukoko mweupe wa maji ya kisima, kisha maji moto tena. Wekundu ukawa waridi, waridi ukawa chai, chai ikawa maji. Ijumaa asubuhi Ramzi akaizamisha pipani, akapuliza, na safari hii rejeta ikasema kila kitu. Povu likapanda sehemu tano, katikati kabisa, pale Halima alipoviona vijito vimetulia.

Matundu manne waliyaziba kabla ya sala ya Ijumaa. Halima alipanua mapezi kwa mpini wa kijiko, akasugua shaba kwa msasa mpaka ikawa nyekundu kama mdomo wa mtoto, akapaka dawa ya kulehemu, akagusisha risasi. La tano likakataa. Lilikuwa nyuma ya bomba jingine, mahali ambapo moto ukifika unaharibu yale manne. Povu lake lilikuwa dogo kama punje ya mtama. Linapanda, linapasuka, unavuta pumzi tatu, linapanda jingine.

Jua lilikuwa linaelekea magharibi. Ramzi akafuta mikono.

"Mama, tia kijiko kimoja tu. Wapande, washuke, Jumatatu tunaimaliza. Nani atajua?"

Na kopo lilikuwa karibu, jikoni, hatua kumi. Halima alilifikiria kwa haki kabisa. Kijiko kimoja kwenye rejeta safi pengine kingefika Mitaboni na kurudi. Mzee Laban pengine asingefika Jumatatu. Akaliangalia lile povu likipanda, akaliangalia jingine, mpaka ikawa kama anahesabu pumzi za mtu aliyelala.

"Niliwasaidia hivyo mara moja," akasema. "Si unaona wamefika wapi."

Akamwambia Ramzi ayafungue tena matangi yote mawili, juu na chini. Kama bomba lile halizibiki kiunoni, watalifunga midomo. Liwe halipo. Rejeta ina mabomba mengi, moja likilala mengine yatabeba. Ramzi akasema huko ni kuanza upya, na risasi ikimwagikia jirani wameua bomba tatu. Halima akasema basi isimwagike. Akakata kipande cha waya wa shaba, akakinoa mpaka kikaingia kwenye mdomo wa bomba kama kizibo, akashusha risasi tone moja juu, tone moja chini, huku Ramzi amemshikia tochi vile yeye alivyomshikia Shaaban. Walipoizamisha mara ya mwisho, mwezi mwandamo ulikuwa tayari juu ya mnara. Maji ya pipa yalitulia, yakawaonyesha nyuso zao.

Jumamosi Maundu alikataa kuondoka bila fundi. Kiti cha 404 ni kimoja kirefu, kwa hiyo wakakaa watatu, Maundu kwenye usukani, Halima katikati akiitazama sindano, Mwendwa upande wa mlango wenye waya, na mbuzi watatu nyuma wakilalamika. Ukungu wa asubuhi ulikuwa bado haujatoka Iveti. Waliingia ndani yake kama mtu anavyoingia usingizini. Miti ya mikaratusi ilitokea na kupotea, na matuta ya mashamba, na mwanamke mmoja mwenye mtungi mgongoni aliyewapungia. Sindano ilipanda mpaka nusu, ikasimama.

Kwenye kona ile mbaya, Mwendwa akasema, akitazama dirishani, "Baba Mutanu, nimekuwa nikitia manjano kwa hiyo rejeta."

Maundu akabadilisha gia. Kona ikapita, na nyingine.

"Na mimi nimekuwa nikiambia watu hiyo njano ni kutu nzuri ya kizungu," akasema.

Wakacheka mpaka Halima akaogopa gari litaacha njia. Sindano haikutikisika.

Mzee Laban alikuwa amekaa uani kwake juu ya kiti cha mbao, blanketi begani. Aliliona gari likipanda kilima chake cha mwisho, likaingia, likazimwa. Hakuna aliyelisukuma. Vijana wakashusha mbuzi, wazee wawili wa ukoo wakawakagua meno na miguu, wakasema ni wazima, wakawapeleka zizini. Kwa muda huo wote Laban alikuwa anamwangalia Halima.

"Wewe nakujua," akasema. "Ulinipa maji."

"Ndiyo, mzee."

"Ukaniambia hukuona gari."

"Nililiona," Halima akasema. "Lilikuwa limetoka saa moja tu kabla yako. Niliwatilia dawa mimi mwenyewe. Nisamehe."

Kuku walipita kati yao. Laban akasema kwamba siku ile alitembea kutoka alfajiri, macho chini, na kwamba yale maji ndiyo yaliyomrudisha nyumbani, vinginevyo angelala njiani. Kwa miaka mingi hakuweza kuamua kama yule mwanamke alimtendea jema au baya. Kisha akamgeukia Maundu, akamwita muthoni, yaani mkwe, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeomba chumvi, na akasema kwamba gari hilo alilifuata kutwa nzima na hajawahi kulipanda.

"Nipeleke mpaka mtoni, muthoni. Halafu unirudishe."

Wakamsaidia kuingia, blanketi na fimbo, Mwendwa akafunga waya wa mlango. Pikapu ikashuka kilima, ikaingia kwenye ukungu, haikuonekana tena. Wanawake wakabaki wamesimama uani. Ndani, muthokoi wa mahindi na maharage ulikuwa unachemka na mtu alikuwa anauliza chumvi iko wapi, lakini Mwendwa hakuingia. Alimshika Halima kiganja, kiganja chenye makovu madogo ya risasi, na wote wawili wakasikiliza.

Kwa muda kulikuwa na ndege tu. Kisha huko chini kabisa, kwenye daraja, gari likageuka, likakohoa kidogo, likaanza kupanda.

"Hiyo ni gia ya pili," Halima akasema.

"Ngoja," Mwendwa akasema.

Wakangoja, na sauti ikazidi kuja.